Bi Nettie wa Penola

Adelaide,
Jumatatu, 2 Juni 1986

Bi Merle,

Shikamoo. Natumaini koo linapata nafuu baada ya upasuaji na hewa ya huko Robe inakufaa.

Nimemaliza wiki ya kwanza kwenye kiti chako na bado niko hai. Miaka sita nimekaa upande ule wa kioo nikikubonyezea vitufe na kukuwekea santuri, nikadhani kazi ya utangazaji naijua. Kumbe nilijua ya mikono tu. Ile taa nyekundu ikiwaka, Bi Merle, ulimi unakuwa mzito, na majina ya Kicheki niliyoyafanyia mazoezi asubuhi nzima yanatoka yamevunjika mbavu. Bado natoka jasho hata kwa baridi hii.

Kipindi cha Chaguo la Msikilizaji ni chako, kila mtu analijua hilo. Miaka ishirini na miwili si mchezo. Mimi nakulindia tu mpaka Septemba. Bw. Ferris amesema nisibadilishe kitu, nami sijabadilisha kitu, isipokuwa kiti nimekishusha kidogo maana magoti yalikuwa yanagonga meza. Ukirudi nitakipandisha.

Najua daktari amekukataza kutamka hata neno moja mpaka mwisho wa Julai, kwa hiyo sitapiga simu. Niandikie. Nikikosea niambie, wala usinionee huruma.

Wako,
Lyall Noske


Robe,
6 Juni 1986

Lyall,

Barua imefika. Koo ni koo. Nimepanga nyumba ndogo hapa, na nikienda kununua mkate naandika kwenye kidaftari, nao wananijibu kwa kupiga makelele, kana kwamba nimekuwa kiziwi.

Umesema nisikuonee huruma. Haya.

Kwanza, muziki ukimalizika mtu anataka kuvuta pumzi. Hesabu mpaka nne kabla hujafungua mdomo. Wewe hufiki hata mbili. Pili, usiseme "kipande kizuri sana". Kama si kizuri unakipiga kwa nini? Sema nani kakitunga na nani anakipiga, kisha nyamaza. Kikiisha taja tena, maana kuna mtu ndiyo kwanza ameingia jikoni kutoka kuanua nguo na hajui alichokisikia. Tatu, barua za watu. Jumatano ulimsoma yule mfuga kondoo wa Orroroo kwa dakika nne na nusu, nimekupimia kwa saa. Kondoo wake, mkewe, mguu wake. Halafu ukamjibu! Ukamwambia na bibi yako wa Tanunda alikuwa na mguu kama huo! Lyall, msikilizaji anatajwa jina lake, mji wake na alichoomba, basi. Hatutafuti ndugu pale.

Kiti ungekiacha kilivyokuwa.

Narudi Septemba mosi.

M. Trezise


Robe,
13 Juni 1986

Gwenda mdogo wangu,

Nimeshikwa na wivu. Nakwambia wewe kwa sababu hapa sina wa kumwambia, na hata ningekuwa naye nisingeweza kutamka. Wivu hasa, wa kumfanya mtu asimalize chakula. Unamsikiliza yule kijana? Usiniambie unamsikiliza. Najua unamsikiliza.

Watu wanampenda, Gwenda. Nasikia kwenye barua anazosoma. Wanamwandikia "Lyall mpenzi". Mimi miaka yote hiyo naandikiwa "Kwa Bi Trezise, Mheshimiwa", nikafikiri ni heshima. Mwanamke mmoja wa Port Pirie amemtumia lamington, zile keki za nazi, boksi zima. Akala moja hewani! Akasema, "Samahani wapendwa, nina nazi mdomoni," na Bw. Ferris bosi wetu, ambaye mimi alinikaripia mwaka 1971 kwa kupiga chafya, eti anacheka nyuma ya kioo mpaka anasikika. Mimi nilimfundisha huyu mtoto kushika santuri bila kuacha alama za vidole. Leo kakaa kwenye kiti changu anatafuna.

Lakini jana kajikwaa. Kuna kipande kimoja cha Haydn, cha wapigaji wanne, ambacho mwishoni kinafanya ukorofi: kinanyamaza kama kimekwisha, kisha kinaanza tena, kinanyamaza tena, kinaanza tena. Kila mtangazaji kimeshamnasa mara moja, na kwetu ni desturi kutomwonya mgeni. Mimi kilininasa mwaka 1964 nikaenda kulia chooni. Basi jana kimenyamaza, nikamsikia kabisa anahesabu mpaka nne kama nilivyomwamuru, halafu: "Na hivyo ndivyo Haydn..." Fidla hizo! "Aa, samahani." Kimya. "Sasa ndiyo tumefika..." Fidla! Mara tatu, Gwenda. Nimecheka bila sauti mpaka mshono ukauma. Muda mrefu sijafurahi hivyo.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine. Nimeipiga kwa mashine ya taipu ya mwenye nyumba, na anuani ya kurudishia nimeweka ya kwako. Iposti hapo ipate muhuri wa Penola. Usiniulize kitu.

Dada yako,
Merle


Penola,
13 Juni 1986

Bwana Noske,

Mimi ni mjane wa hapa Penola, umri wangu miaka sabini na mmoja, na Chaguo la Msikilizaji nimelisikiliza tangu lianze.

Bi Trezise hajawahi kumkatiza Haydn hata siku moja. Wewe jana umemkatiza mara tatu ndani ya dakika moja. Marehemu mume wangu alikuwa na mbwa mwenye adabu kuliko hiyo. Muziki ukipigwa alilala chini akafunga mdomo. Umesema mwenyewe hewani kwamba kazi yako ni mitambo. Mitambo haina ubaya. Nakushauri urudi huko kabla hujatuaibisha zaidi.

Nettie Pascoe (Bi)


Penola,
20 Juni 1986

Dada,

Mwanamke mzima huna haya! Nimeisoma ile barua yako kwa kuiinua kwenye mwanga wa dirisha kabla ya kuiposti, na nikaiposti, kwa sababu nilitaka kuona itakuwaje. Sasa umeona?

Mimi nilikuwa namenya viazi. Kijana akaisoma yote hewani, hata mbwa hakumruka. Nikamhurumia, nikasema sasa atajitetea. Wala! Akasema, "Bi Nettie Pascoe wa Penola, umesema kweli. Nilikurupuka. Leo nakipiga tena chote kwa ajili yako, na safari hii nitakaa kimya mpaka mtu aje kunishika bega." Akakipiga. Kikaisha, kikaanza, kikaisha, kikaanza, kikaisha kweli, naye kimya. Nikaenda kuipigapiga redio nikidhani imekufa. Halafu nikasikia polepole, "Bi Nettie, nimeruhusiwa?" Nimecheka nikajikata kidole.

Mji mzima hapa unaulizana Nettie Pascoe ni nani. Mke wa muuza nyama anasema anamjua sana, ati walisoma darasa moja. Nimemwambia amsalimie.

Barua aliyomwandikia hii hapa ndani. Nimeifungua. Mwenyewe hayupo duniani, hatanishitaki.

Umetaka kumzamisha ukampa mtumbwi, ndugu yangu. Acha sasa, kunywa maji ya uvuguvugu ulale.

Gwenda


Adelaide,
17 Juni 1986

Bi Nettie,

Shikamoo mama. Nimekujibu hewani lakini nimeona haitoshi.

Barua za sifa napata, na zinanitia hofu, maana watu wema hawakuambii ukweli. Wewe umenisema bila kunizungusha. Hapa kituoni kuna mtu mmoja tu anayenisema hivyo, naye ni mgonjwa, yuko mbali. Kwa hiyo nakuomba usichoke. Sikiliza kila siku na uniandikie kila nilipoharibu. Nitakushukuru kwa dhati.

Na mbwa aliitwaje?

Lyall Noske


Robe,
5 Julai 1986

Gwenda,

Nisomee hii bila kucheka.

Wiki tatu sasa jina langu silisikii redioni. Nasikia la Nettie. "Tumsalimie Bi Nettie." "Hiki Bi Nettie hatakipenda, lakini atatuvumilia." Jumanne mwanamume wa Port Lincoln kaomba kipande cha Brahms, "kwa Bi Nettie, baridi ya kusini isimpate". Mtu kamfumia soksi! Najua ziko hapo kwako, na usithubutu kuzivaa. Nani amewahi kunifumia mimi soksi? Nilipolazwa hospitali kituo kilipokea kadi kumi na moja, na mbili zilikuwa za wafanyakazi. Huyu mwanamke nimemwandika mimi, nikampa mume, nikamuua mume, nikampa mbwa, na sasa namwonea kijicho. Nikimsikia Lyall anasema "Bi Nettie wangu" nafsi yangu inanyong'onyea. Kwangu mimi hajawahi kusema hivyo, wala sikumpa nafasi ya kusema.

Na lipo la aibu zaidi. Ile barua ya wiki iliyopita nilikaa kwenye taipu nimsute kwa jinsi alivyokitangulizia kipande cha Schubert, kile kirefu cha piano. Alisema tu kwamba aliyekitunga alikuwa na miaka thelathini na mmoja, umri wake yeye Lyall, na alijua kwamba anakufa. Basi. Akanyamaza, akaacha piano ianze. Gwenda, mimi nimekitangulizia kipande kile labda mara thelathini. Nimesema mwaka, nimesema karatasi ziliwekwa wapi na nani alizichapisha kwanza. Lile sijawahi kulisema. Nikawa nimekaa na vidole juu ya taipu na hasira zangu zote, na kilichotoka ni hiki: "Umekisema vizuri, mwanangu. Nilishindwa kuinuka." Nikatia saini Nettie nikaifunga haraka. Umeshaiposti, najua, kwa sababu jana ameitaja na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Roho inaniuma kwamba anajua kazi. Angekuwa mbumbumbu ningelala vizuri.

Merle


Adelaide,
21 Julai 1986

Bi Nettie mpendwa,

Hii si ya kusomwa hewani. Ni kati yako na mimi.

Bw. Ferris ameniita ofisini. Anataka nibaki na Chaguo la Msikilizaji moja kwa moja, na Bi Trezise akirudi apewe saa ya Jumapili asubuhi, wakati watu wako kanisani au wamelala. Anataka jibu Ijumaa, tarehe nane Agosti. Bi Trezise bado hajui, na mimi ndiye sina moyo wa kumwambia.

Nakitaka kile kiti. Hapa ndipo ninapoona haya. Nikiamka asubuhi nakifikiria, nikipanda tramu nazungumza peke yangu watu wananitazama. Lakini ni cha mtu, na mtu mwenyewe ndiye aliyenifundisha yote. Alikuwa hajui kama ananifundisha. Nilikuwa namwibia kupitia kioo. Jinsi anavyoshika karatasi, jinsi anavyomtaja mpigaji wa mwisho kabisa kwa heshima ileile ya mkubwa wao. Miaka sita, Bi Nettie, hajaniambia hata mara moja kwamba nimefanya vizuri. Hata siku mashine zilipoharibika zote nikamwendeshea kipindi kizima kwa mkono, alisema tu, "Umechelewesha santuri ya tatu." Wewe umeniambia ndani ya wiki tatu, nami niliikunja ile barua nikaiweka mfukoni.

Mama yangu nikimuuliza atasema kubali, mama ni mama. Kwa hiyo nakuuliza wewe, kwa kuwa hunipendelei. Ukisema kubali nitakubali. Ukisema kataa nitakataa.

Lyall


Penola,
24 Julai 1986

Dada,

Barua ya Lyall iliyo humu ndani nimeisoma. Sasa nisikilize vizuri. Mchezo umekwisha. Andika kwa jina lako, mwambie, "Nettie ni mimi, mjinga wewe, na mimi mjinga zaidi." Mtacheka, mtalia, yataisha. Lakini usimjibu kama Nettie. Kijana wa watu ameweka maisha yake mezani mbele ya mwanamke ambaye hayupo.

Najua unachofikiria. Tumekua chumba kimoja, nakujua tangu ulipovunja mkono wa mwanasesere wangu kwa sababu alikuwa na nguo nzuri kuliko wa kwako. Ukiandika barua ile usinitumie mimi. Sitaiposti.

Kesho ndiyo unaonana na daktari Mount Gambier, sivyo? Niambie amesemaje. Nina wasiwasi.

Gwenda


Robe,
26 Julai 1986

Gwenda,

Daktari amesema kidonda kimepona vizuri kabisa, hakuna alama. Ameniruhusu kuanza kusema taratibu. Usiwe na wasiwasi.

Lile jingine niachie mimi.

Merle


Penola,
29 Julai 1986

Mwanangu Lyall,

Umeniuliza, nakujibu.

Kataa. Kiti cha mtu aliye hai hakigawiwi akiwa kitandani. Bi Trezise atarudi Septemba. Atakuta nini? Utaweza kumtazama usoni, wewe uliyekula mkononi mwake miaka sita? Watu watakushangilia leo, kesho watasema ulimsubiri mama wa watu augue. Wewe bado kijana, zamu yako ipo. Mwambie bosi hapana, na usimweleze sababu.

Usisikitike. Mtu muungwana hujulikana kwa kile anachokiacha.

Nettie Pascoe


Adelaide,
9 Agosti 1986

Bi Merle,

Shikamoo. Natumaini umeshaanza kusema, na kwamba watu wa Robe wameacha kukupigia makelele.

Kuna jambo nilikuficha, nisamehe. Mwezi uliopita Bw. Ferris alitaka kunipa Chaguo la Msikilizaji liwe langu. Jana nimemwambia hapana. Alinitazama, akafunga kalamu yake, akasema "Kama unavyotaka", na mimi nikatoka. Sikumpa sababu.

Kiti nimekipandisha kilivyokuwa. Zile barua za wasikilizaji nimekupangia kwa miji, na majina yenye matamshi ya taabu nimeyaandikia pembeni, ingawa najua wewe huhitaji. Nakungoja Septemba mosi. Kusema kweli nina hamu ya kukuona ukiingia kwa ule mlango na kunikaripia.

Lyall


Robe,
13 Agosti 1986

Lyall,

Barua hii nimeianza mara nne, na nyingine zimo kwenye moto.

Nettie Pascoe ni mimi. Hakuna mjane, hakuna marehemu, mbwa hakuwepo. Penola yupo mdogo wangu Gwenda, ndiye aliyekuwa akiniwekea muhuri wa posta, na barua ya mwisho alinikataza nisiiandike. Usimlaumu yeye. Nilianza kwa kukusuta kwa sababu walikuwa wanakupenda na mimi hawakunipenda hivyo. Nilitaka usemwe vibaya na watu wakukimbie, nawe kila nilipokupiga ukaligeuza pigo langu kuwa zawadi. Sijui ulijifunzia wapi hayo. Kwangu hukujifunza hayo.

Sasa lililo baya zaidi, na nitaliandika lilivyo. Tarehe ishirini na tano Julai daktari alinimulika kooni, akaniambia nitaje jina langu. Nililitaja. Ilitoka sauti ya bawaba ya geti kuukuu. Akasema kidonda kimepona na sauti ndiyo hiyo, haitabadilika. Nikarudi na basi. Siku nne baadaye nikaketi kwenye taipu nikakuandikia ukatae.

Nilijua sirudi, Lyall. Nilijua vizuri. Kiti hakikuwa changu tena, hilo lilikuwa limeshapita. Nilitaka tu kisiwe chako. Nilikuona mawazoni umekaa pale miaka ishirini, watu wanakuletea keki, na siku moja mtu anauliza, "Kabla yako alikuwa nani?" na hakuna anayekumbuka. Sikuweza kulivumilia. Gwenda sikumwambia, kwa mtu yeyote sikusema. Jana nimepata barua yako, kwamba umenipandishia kiti, na tangu jana sijala.

Nenda kwa Ferris leo hii, usingoje kesho. Mwambie umebadili mawazo. Nimemwandikia na mimi, nimemweleza habari ya sauti na kwamba hakuna mwingine anayefaa. Akitaka ushahidi mwonyeshe barua hii, aibu yangu isikuzuie.

Niliyoyasema kuhusu Schubert yalikuwa kweli. Niliona uchungu kuyaandika, na yalikuwa kweli.

Nisamehe kama unaweza.

Merle


Adelaide,
20 Agosti 1986

Bi Merle,

Shikamoo.

Nilikwenda kwa Bw. Ferris saa ileile niliyosoma barua yako. Yako ilikuwa tayari mezani kwake. Amesema pole sana kwa habari ya sauti, na nadhani kweli amesikitika. Lakini nilipokataa ile Ijumaa alipiga simu Perth jioni yake, na Jumatatu mwanamke mmoja wa huko alikuwa ameshatia saini mkataba wa miaka mitatu. Bw. Ferris hakuwa na nia ya kukungoja wewe, hata ungerudi unaimba. Huyo mwanamke anaanza Septemba mosi. Jana alikuja kutazama studio. Ni mtu mwema, ana haraka kidogo. Mimi narudi upande ule wa kioo, nimeshamjaribishia kipaza sauti chake.

Sasa habari ya Bi Nettie. Barua zake zote zilikuwa na muhuri wa Penola. Ile ya kunikataza ilikuwa na muhuri wa Robe. Niliigeuza mara mbili. Nikatoa barua yako ya Juni nikazilaza pamoja mezani, nikazisoma, na nikaona ni mtu mmoja anasema. Mpaka siku hiyo sikuwa nimeshuku kitu, nilimwamini yule mama kabisa. Niliketi kwenye ngazi za kituo nikalia, sikufichi, kwa sababu nilikuwa nimefiwa. Nilikuwa nimepanga kwenda Penola wakati wa likizo nimpelekee maua.

Halafu nikafikiri. Nikasema, basi sauti ya Bi Merle imerudi. Anakitaka kiti chake na moyo wake haumruhusu kuniomba kwa jina lake. Nikaona hilo ni jambo dogo kwa mtu aliyenifundisha kila ninachokijua. Kwa hiyo nilikataa nikijua ni wewe. Niliingia kwa Bw. Ferris na kutoka nimefurahi, uliza mtu yeyote pale, nilikuwa napiga mluzi.

Usiombe msamaha kwa ajili ya Bi Nettie, huo ulishaupata. La daktari ndilo siliwezi. Ungeniandikia mistari miwili tu, kwamba sauti imekwenda, ningekaa kwenye kile kiti, na kila siku kabla ya santuri ya kwanza ningewaambia watu ni cha nani.

Usiniandikie kwa sasa.

Lyall Noske
Fundi mitambo